Bi Nusu na Karatasi Isiyopatikana

Mwanamke tunayemzungumzia hapa alikata karatasi kwa miaka thelathini na moja, na siku anastaafu vidole vyake vyote kumi vilikuwepo. Katika kazi ile hilo si jambo dogo. Fundi aliyemtangulia kwenye mashine aliondoka na vidole vinane na nusu, na bado watu walimsifu kuwa mtu makini.

Kiwandani walimwita Bi Nusu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya mishahara na kwenye kadi ya hospitali, na huko lilijipumzikia. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha uchapaji, chumba kirefu cha ghorofa ya chini chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Walichapa vitabu vya risiti, daftari za mahudhurio, mitihani ya majaribio, kalenda, na kila baada ya miaka michache mabango ya wagombea, ambao kila mmoja alitaka uso wake uwe mkubwa kuliko wa mwenzake. Karatasi iliingia ikiwa mapande makubwa kama shuka. Bi Nusu aliyapanga, akayagongagonga kingo mpaka yakalala sawa, akayasukuma chini ya kisu, akayabana, kisha akabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili. Vitufe vile viliwekwa mbalimbali kwa makusudi, kwa sababu mkono unaobonyeza kitufe hauwezi kuwa chini ya kisu. Yule aliyemtangulia alikuwa amekibandika kimoja kwa gundi kibaki kimebonyea, ili kazi iende haraka, na ikaenda.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na dogo. Maneno mawili hakuyavumilia: "kama" na "na kitu". Ukimwambia kitabu kina upana wa sentimita kumi na nne na kitu, aliweka rula yake ya chuma mezani na kukutazama.

"Na kitu gani?" aliuliza. "Hicho kitu kina jina lake. Kitaje."

Wateja wapya walidhani anatania. Wa zamani walikuja na vipimo vyao vimeandikwa.

Jina la Nusu lilitokana na chati. Juu ya mashine, ukutani, kulikuwa na chati ya saizi za karatasi. Ile kubwa kabisa ilikuwa na urefu wa milimita 1189 na upana wa 841. Ukiikata katikati unapata mbili za saizi inayofuata, ukizikata hizo unapata nne, na hivyo hivyo mpaka ile karatasi ya ofisi ambayo kila mtu anaijua, 297 kwa 210, na kushuka hadi kikaratasi cha kuandikia namba ya simu. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba umbo halibadiliki. Kubwa na ndogo zina sura ile ile, mzazi na mwana, na ndiyo maana bango likipunguzwa kuwa kadi hakuna mgombea anayekatwa kichwa.

Lakini nusu ya 1189 ni 594 na nusu, na chati ilisema 594. Bi Nusu aliliona hilo wiki yake ya kwanza kazini, akamuuliza fundi wake ile nusu milimita imekwenda wapi.

"Imeliwa na kisu," alijibu yule mwenye vidole vinane na nusu, naye alikuwa na haki ya kuzungumzia vitu vilivyoliwa na kisu.

Jibu hilo alilibeba miaka mingi. Halafu asubuhi moja, akiwa amesimama na burashi yake, akawaza kwamba kisu si msumeno. Msumeno hutoa unga, na unga huo ndio mbao iliyoliwa. Kisu hutenganisha tu. Akafagia meza ya mashine, akafagia chini yake, akapekua na mashine yenyewe. Hakukuwa na unga. Akaenda ofisini kwa bosi.

"Bi mkubwa," bosi alisema, "hiyo ni nusu milimita."

"Najua ni nusu milimita. Nauliza iko wapi."

Kuanzia siku hiyo akawa Bi Nusu, na nusu yenyewe ikamkaa rohoni.

Alichoamua ni kwamba mtu aliyetengeneza chati ile alikuwa mvivu. Ametaka karatasi inayokunjwa katikati bila kubadilika umbo, akatafuta vipimo vyake, akakaribia, akachoka, na kilichozidi akakitupa. Bi Nusu hakuwa mtu wa kuchoka. Angevitafuta mwenyewe: namba nzima mbili, moja ya urefu na moja ya upana, zinazofanya karatasi ikunjwe mara elfu bila kutupa chochote. Kama milimita ni kubwa mno, atapima kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kama hiyo nayo ni kubwa, atapima kwa unene wa unywele, au kwa nusu ya unywele. Aliamini kwamba kila urefu duniani unahesabika ukipata kipimo kidogo cha kutosha. Tusimcheke. Hata wewe msomaji uliamini hivyo hivyo mpaka aya hii, na huenda bado unaamini.

Mwaka wa kwanza alipata sharti. Ili nusu ya karatasi ifanane kabisa na karatasi nzima, urefu ukizidishwa kwa wenyewe lazima uwe mara mbili ya upana uliozidishwa kwa wenyewe. Baada ya hapo kazi ilikuwa kujaribu. Mfunga vitabu wa kiwandani, mzee mcheshi waliyemwita Fundi Gundi, alimshonea daftari nene kutokana na mabaki ya karatasi, na Bi Nusu akalijaza saa za chakula.

Alijaribu upana 5 na urefu 7. Saba mara saba ni arobaini na tisa. Tano mara tano ni ishirini na tano, mara mbili yake hamsini. Imepungua moja. Akajaribu 12 na 17. Huko 289, huku 288. Imezidi moja. Akajaribu 29 na 41. Imepungua moja. Akagundua hata njia ya kupanda kutoka jozi moja kwenda nyingine: jumlisha urefu na upana, upate upana mpya, ujumlishe upana mpya na ule wa zamani, upate urefu mpya. Njia hiyo ilimfikisha kwenye 70 na 99, na hapo palizidi moja, lakini palimsimamisha kwa sababu nyingine. Alizidisha zote mbili kwa tatu. Akapata 210 na 297.

Ilikuwa karatasi ya ofisi. Rimu nzima zilikuwa zimepangwa nyuma ya mgongo wake.

"Kumbe na yeye alipita hapa," alimwambia Fundi Gundi.

"Nani?"

"Mvivu wa chati. Alifika kwenye tisini na tisa akalala."

Yeye hakulala. Alipanda mpaka 408 na 577, akapanda tena mpaka 13,860 na 19,601, akizidisha kila kitu kwa mkono mara tatu ili asijidanganye. Miaka ikapita. Mashine ilibadilishwa kisu mara nne. Katika miaka kumi na moja ya kutafuta, Bi Nusu hakuwahi kuwa mbali na ushindi zaidi ya moja.

Sasa inabidi tumlete binti yake, maana bila yeye haya yote yangekuwa mambo ya mama mmoja na daftari lake. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na alikulia kwenye mabaki ya kiwanda: alijifunza kuandika kwenye vipande vya kalenda, akajifunza kuzidisha nyuma ya mabango ya watu walioshindwa uchaguzi. Akasoma, akawa mwalimu wa hisabati wa sekondari, akaolewa na mfamasia mpole. Bi Nusu hakumwambia habari ya daftari. Alitaka kumpa likiwa limekwisha. Alitaka, kwa mara moja maishani, kumletea mwanawe mwenye digrii kitu ambacho hakimo vitabuni.

Lakini uvumilivu ulimwishia. Jumapili moja, mezani kwa binti yake, wakwe wakiwepo na sahani zikiwa bado hazijaondolewa, alifungua mkoba akalitoa. Mwalimu alilipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, hii haina mwisho," alisema.

"Nimebakiza moja tu."

"Utabakiza moja mpaka unaingia kaburini. Namba hiyo haipo, Mama. Ilithibitishwa zamani sana."

"Ilithibitishwa na nani?"

"Na watu wa kale huko."

"Walikuwa na mashine ya kukatia karatasi?"

Wakwe wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walidhani ni utani. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akasema lile ambalo hakupaswa kulisema: "Miaka kumi na moja, jamani! Si ungeniuliza tu, Mama? Ningekujibu kwa dakika moja."

Bi Nusu alilifunga daftari. Alilirudisha mkobani, akafunga na zipu, kisha akasimama.

"Sitakanyaga nyumba hii," alisema, "mpaka nije na hiyo karatasi mkononi, na vipimo vyake vya namba nzima vimeandikwa juu yake."

Akatoka. Alisahau mwavuli wake nyuma ya mlango, na kwa sababu ya kiapo mwavuli ule ukabaki huko huko.

Walioshuhudia walisema ni hasira, zitapoa baada ya wiki. Hawakumjua. Miezi minane ikapita, na salamu zikawa zinapitia kwa mkwe, ambaye kila Alhamisi alipita kiwandani akitoka kazini.

"Mwalimu anasema hujambo, Mama."

"Mwambie sijambo."

Huo ndio ulikuwa mzigo wote, kwenda na kurudi. Mwalimu aliwahi kuja mwenyewe mara mbili hadi nyumbani kwa mama yake. Alikaribishwa, akapewa chai, akaulizwa habari za shule. Hakuna aliyetaja karatasi, na hakuna aliyetaja tumbo lililokuwa likionekana wazi mbele ya kikombe. Chai ile ilinyweka kwa shida.

Halafu Alhamisi moja mkwe alikuja mapema, bado amevaa koti lake jeupe la kazini.

"Mama, tumepata mtoto. Wa kike."

Bi Nusu alizima mashine. "Ana uzito gani?"

"Kilo tatu na kitu."

"Na kitu gani?"

Mkwe hakukumbuka. Bi Nusu alimtazama muda mrefu, akampongeza, akawasha mashine. Siku hiyo alikata rimu tatu za daftari za mahudhurio kinyumenyume, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na alibaki jioni kuzikata upya.

Iliuma. Hakuna haja ya kuficha. Alinunua blanketi dogo la manjano, sentimita tisini kwa tisini, akalipima ili kuhakikisha, akaliweka kabatini likiwa bado kwenye mfuko wake. Wiki sita likakaa pale. Kila jioni alifungua kabati, akalitazama, akafunga, akakaa na daftari na kuendelea kuzidisha. Sasa hakuwa akitafuta tena kwa ajili ya kumkomoa mvivu wa chati. Alikuwa akitafuta njia ya kumfikia mjukuu wake, na njia hiyo alikuwa ameifunga mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi.

"Dada, si uende tu?" Fundi Gundi alimwambia.

"Niliapa."

"Uliapa kwa karatasi!"

"Kiapo ni kiapo."

"Na kama kweli haipo?"

Bi Nusu aligeukia rimu zake. Alikuwa ameshaliwaza hilo, na hakulipenda hata kidogo.

Wiki yake ya mwisho kazini iliingia. Bosi alikuwa ameshaagiza mashine mpya inayojipimia yenyewe, na ameshaandaa saa ya ukutani ya kumzawadia. Jumatano asubuhi ikaja oda ya mwisho: ofisi fulani ilitaka vikaratasi vya mraba vya kuandikia ujumbe, vitokane na karatasi ya kawaida ya ofisi. Bosi alikuwa mtu anayegeuza bahasha kuukuu ndani nje na kuzitumia tena, na wazo la mabaki lilimkosesha raha.

"Toa mraba mkubwa," alisema. "Kwenye ukanda unaobaki, toa miraba mingine midogo. Kwenye mabaki ya hiyo toa midogo zaidi. Nataka pipa lilale njaa."

Bi Nusu akaanza. Karatasi ya 297 kwa 210: mraba wa 210 ukatoka, ukabaki ukanda wa 87 kwa 210. Kwenye ukanda huo ikatoka miraba miwili ya 87, ukabaki ukanda mdogo wa 36 kwa 87. Akaushika mkononi. Akaurudisha mezani, akauweka juu ya ukanda wa kwanza wa karatasi nyingine, uliokuwa bado haujakatwa, pembe kwa pembe, akalaza rula kutoka pembe moja hadi ya pili kama anavyofanya mchapaji yeyote anayetaka kujua kama maumbo mawili yanalingana.

Yalilingana. Yaani, karibu yalingane. Pembe ya mdogo ilikuwa nje ya rula kwa unywele.

Akaendelea kukata. Miraba miwili ya 36, ukabaki ukanda wa 15 kwa 36. Sura ile ile, lakini sasa unywele umekuwa uzi. Miraba miwili ya 15, ukabaki 6 kwa 15, na huo mtu yeyote mwenye macho angeona umeanza kuharibika. Miraba miwili ya 6, ukabaki 3 kwa 6. Miraba miwili ya 3, na meza ikawa tupu. Hapakubaki hata chembe. Bosi angefurahi.

Bi Nusu hakufurahi wala hakununa. Alisimama mbele ya safu ya miraba inayopungua, kuanzia mkubwa mpaka wa kama ukucha wa mtoto, akiuliza kitu kimoja. Umbo lilianza sawa, halafu likaharibika polepole. Nani ameliharibu?

Jibu alilijua kabla hajamaliza kujiuliza. Ni ile nusu iliyotupwa. Karatasi hii si ile ya kweli, ni ile iliyokaribia. Je, ile ya kweli ingefanya nini?

Alichukua penseli. Safari hii hakuandika namba yoyote ya urefu. Alisema tu: upana ni mmoja, na urefu ni ule unaotimiza sharti, uwe wowote uwao. Toa mraba, toa miraba miwili, kilichobaki kina umbo gani? Hesabu ilimchukua mistari minne, na ukiwa na penseli itakuchukua hiyo hiyo. Jibu lilitoka sawa kabisa: ukanda unaobaki una umbo lile lile la ukanda uliotangulia. Unywele haupo. Na kama umbo ni lile lile, basi ukitoa tena miraba miwili utabaki na ukanda wa umbo lile lile, na ukitoa tena, lile lile, mdogo na mdogo zaidi, bila siku moja meza kuwa tupu.

Akaketi juu ya rimu.

Sasa tazama alichokiona, maana ndicho chenyewe. Karatasi yenye vipimo vya namba nzima, hata zikiwa mamilioni, hata zikihesabiwa kwa nusu ya unywele, kila ukanda unaobaki nao una namba nzima, na kila mara ndogo kuliko ya kabla. Namba nzima hazipungui milele. Hata zikishuka mpaka moja, chini ya moja hakuna kitu cha kubaki. Kwa hiyo karatasi ya namba nzima lazima iishe. Karatasi ya kweli haiishi. Basi karatasi ya kweli haiwezi kuwa ya namba nzima, si leo, si mwaka wa mia, si kwa daftari nene kuliko lake. Haikuwa suala la bidii. Mvivu wa chati hakuwa mvivu. Alifika mahali ambapo mtu mwenye akili husimama, akasimama.

Na ule urefu wenyewe upo. Upo pale kwenye karatasi, unagusika. Ni kwamba kuna urefu wa aina mbili. Kuna ule unaoandikika kama namba nzima moja juu ya nyingine, na huo ukiukatia miraba siku moja mraba wa mwisho unakaa sawa na kazi inakwisha. Na kuna ule usioandikika hivyo, ambao daima unabakiza. Walimu huziita namba wiano na namba zisizo wiano. Bi Nusu wakati ule hakuwa na majina hayo. Aliziita zinazoisha na zisizoisha.

"Haina mwisho," alisema kwa sauti. Akakumbuka ni nani aliyemwambia maneno hayo hayo.

"Nini haina mwisho?" Fundi Gundi aliuliza kutoka kwenye gundi yake.

"Fundi, mtu akiapa kwa kitu kisichowezekana, inakuwaje?"

Fundi Gundi alifikiri huku akipaka mgongo wa kitabu. "Hapo hajaapa," alisema. "Amepiga kelele tu."

Bi Nusu alitia miraba yote kwenye bahasha kwa mpangilio wake. Akaenda ofisini kuomba ruhusa ya kutoka. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuomba ruhusa kabla ya saa ya chakula, na bosi akatazama saa ya ukutani iliyokuwa zawadi yake, bado ndani ya boksi.

Alipitia nyumbani kuchukua blanketi. Kisha akaenda, akabisha hodi.

Mwalimu alifungua mlango akiwa na mtoto begani na kitambaa cha kucheulia kwenye bega la pili. Nyuma yake mwavuli ulikuwa umesimama pale pale ulipoachwa. Wakatazamana.

"Mama. Umeipata?"

"Haipo."

Mwalimu alivuta pumzi. "Nilikwambia, Mama."

"Uliniambia," alisema Bi Nusu. "Hukunionyesha."

Hilo lilimkata mwalimu kuliko kisu chochote cha kiwandani, kwa sababu ilikuwa kazi yake, kuonyesha, na kwa watoto wa wenzie aliifanya kila siku bila kuchoka. Alisogea pembeni. Mama yake akaingia, akaenda moja kwa moja mezani, akamimina bahasha, akaipanga miraba: mkubwa, miwili, miwili, miwili, miwili, miwili. Akaeleza. Alieleza jinsi anavyokata, bila haraka na bila "kama". Alipofika kwenye ukanda unaorudi na umbo lake lile lile, mwalimu aliketi. Yeye thibitisho alilolijua lilikuwa la namba shufwa na witiri, la kwenye kitabu, alilokariri chuoni na kulifundisha miaka tisa. Hili la miraba hakuwahi kuliona.

"Umelitoa wapi hili?"

"Kwenye oda ya vikaratasi." Bi Nusu alisogeza mraba mmoja uliopinda. "Na kitu kingine. Ulisema namba hiyo haipo. Si kweli. Namba ipo. Ambazo hazipo ni zile mbili nzima za kuiandikia."

"Ni kweli," alisema mwalimu. "Nilikosea."

"Ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na haraka. Nisamehe, Mama, kwa ile dakika moja." Akaanza kulia, na machozi yake yakadondokea mraba wa 87, ambao mama yake aliuondoa kimya kimya usiharibike.

"Na mimi nilipiga kelele," alisema Bi Nusu. "Tuyaache."

Blanketi likatandikwa mezani kando ya miraba, na mtoto akalazwa juu yake. Alikuwa na paji la uso la babu yake na hasira za bibi yake. Bi Nusu alimwinamia muda mrefu, mikono nyuma, kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Kisha akafungua mkoba, akatoa utepe wa kupimia.

"Kliniki waliandika hamsini na sita," mwalimu alisema.

"Kliniki," alisema Bi Nusu.

Alishika kisigino kidogo, akaunyoosha mguu taratibu, akavuta utepe mpaka utosini. Mtoto akakunja goti. Akamnyoosha tena. Mtoto akajinyonga, akapiga teke hewani, akatulia, akamkodolea macho mwanamke mwenye miwani ya uzi. Bi Nusu aliinamisha kichwa asome. Alisoma, akarudia kusoma.

"Hamsini na sita," alisema, "na kitu."

Mwalimu alifuta macho kwa kitambaa cha mtoto. Hakuamini masikio yake.

"Na kitu gani, Mama?"

Bi Nusu aliutazama utepe kwa mara nyingine, kisha akauviringisha na kuurudisha mkobani.

"Na kitu," alisema. "Hebu nipe mtoto."